Jinsi ya kuomba IP zako mwenyewe AFRINIC, kuzilinda, na kupiga kura kama mwanachama

Wakuu, mwongozo huu ni wa watu wenye ISP ndogo za mitaani (kampuni za kuuza intaneti), vyuo, hospitali, SACCOS zenye matawi, yaani yeyote ambaye netiweki yake imeshakua mpaka kila mwezi anabishana na mtoa huduma wake kuhusu IP, zile namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti. Nataka nikuonyeshe jinsi ya kuomba IP zako AFRINIC, yaani rejista inayogawa IP Afrika, uzitangaze kwa jina lako, uzilinde zisichukuliwe na mtu, alafu uitumie haki yako ya uanachama, mana hapo kwenye uanachama ndo wengi wetu tunalala na gharama yake Afrika nzima tumeshaiona.

Anza kwa kujua IP unayotumia sasa ni ya nani

Kabla hujajaza fomu yoyote, kaa kwenye kompyuta uangalie vitu viwili. Cha kwanza, ingia kwenye ruta yako, nenda ile sehemu ya WAN, soma IP iliyoandikwa pale, alafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako uzilinganishe. Zikifanana uko vizuri, una IP ya umma. Zikitofautiana na ile ya kwenye ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, basi uko nyuma ya CGNAT, maana yake wewe na kundi la wateja wengine mnatoka nje kwa IP moja. Ndo mana kamera zako za CCTV huzioni ukiwa safarini, ndo mana tovuti kila saa zinakuuliza kama wewe ni roboti, na mmoja wenu akituma spamu mnafungiwa wote. Kama inaanza na 10, au 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, hizo ni IP za matumizi ya ndani, zilitengwa rasmi 1996, mtu yeyote duniani anaweza kuzitumia ofisini kwake ila haziendi popote kwenye intaneti ya nje.

Cha pili, chukua ile IP ya umma uulize ni ya nani. Kwenye Linux au Mac andika whois -h whois.afrinic.net alafu IP yenyewe, au nenda tovuti ya AFRINIC utafute sehemu ya WHOIS (daftari la wazi la nani kaandikishwa IP gani) uibandike hapo. Yatatoka maneno mengi, usiogope, wewe tafuta mistari mitatu tu. Mstari wa inetnum unakuonyesha bloku inaanzia wapi na inaishia wapi, mstari wa descr au org unakuonyesha jina la mwenye nayo, na mstari wa status ndo wenye habari yenyewe. Ukiona ASSIGNED PA ujue hizo IP zimekatwa kwenye bloku ya mtoa huduma wako, wewe ni mpangaji, siku ukihama unaziacha na unaanza kubadilisha kila kitu upya, firewall, VPN za matawi, DNS, mpaka zile IP ulizopeleka benki na kampuni za simu ili wakufungulie API za malipo, na wote tunajua kubadilisha IP moja kwenye API ya malipo kunavochukua barua na wiki. Ukiona ASSIGNED PI, hizo ni za taasisi yenyewe na inahama nazo kwa mtoa huduma yeyote. ALLOCATED PA ni bloku ambayo ISP kapewa ili na yeye awagawie wateja wake.

Ukizoea utaanza kuzijua hata kwa macho, IP nyingi za Afrika zinaanza na 41, 102, 105, 154, 196 au 197, na IPv6 zetu nyingi (IPv6 ni aina mpya ya IP, zile za kawaida ni IPv4) zinatoka kwenye bloku moja kubwa inayoanzia 2c00.

Nani anazigawa, na kwa nini ni chache

Juu kabisa kuna IANA, ndo wenye orodha kuu ya namba zote. Zamani orodha hiyo alikuwa anaishika Jon Postel kule California, akafariki Oktoba 1998, na mwaka huo huo ICANN, shirika la kuratibu majina na namba za intaneti, ikaanzishwa na kazi ya IANA ikahamia kwake. Serikali ya Marekani iliendelea kuwa na mkataba wa kusimamia kazi hiyo mpaka 1 Oktoba 2016, mkataba ukaisha, na tangu hapo usimamizi uko kwa jumuiya ya intaneti yenyewe, yaani mainjinia, kampuni, serikali, asasi za kiraia na watumiaji kwa pamoja. Hapa naomba uelewe vizuri, hakuna serikali wala shirika la Umoja wa Mataifa linalogawa IP duniani. Zipo nchi ambazo zimekuwa zikitaka iwe hivo na mjadala huo bado upo, ila mpaka sasa mfumo unaendeshwa toka chini kwenda juu, na huko chini ndo tulipo sisi.

IANA haikupi wewe IP hata ukiandika barua nzuri namna gani. Inatoa mabloku makubwa kwa rejista tano za kanda. RIPE NCC inahudumia Ulaya, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia ya Kati, kwa iyo ndugu zetu wenye netiweki Oman na Dubai wanaombea huko. APNIC ni ya Asia na Pasifiki, ARIN ya Marekani na Kanada na baadhi ya visiwa vya Karibi, LACNIC ya Amerika ya Kusini na Kati. Ya kwetu ni AFRINIC, ofisi zake ziko Ebène, Mauritius, ilitambuliwa rasmi Aprili 2005. Kabla ya hapo mtu wa huku kwetu akitaka IP alikuwa anaomba Ulaya au Marekani.

Sasa kuhusu uchache. IPv4 kwa hesabu ni 4,294,967,296 basi, haziongezeki. Tarehe 3 Februari 2011 IANA iligawa mabloku yake matano ya mwisho, kila rejista ikapata moja, kila bloku ina IP 16,777,216. Wenzetu wakamaliza, ARIN akiba yake iliisha Septemba 2015, RIPE NCC Novemba 2019. AFRINIC ndo ikabaki na kiasi, na toka Januari 2020 iko kwenye awamu ya mwisho ya kubana matumizi, ambapo ombi moja linapata kuanzia /24, yaani IP 256, mpaka /22, yaani IP 1,024, zaidi ya hapo hupewi kwa ombi moja. Likumbuke hili la sisi kubaki na akiba wakati wengine wameishiwa, kuna vurugu imetokea hapo nitaifikia.

Je unazihitaji kweli?

Kama una ofisi moja na laini moja, huhitaji haya yote, mwambie mtoa huduma wako akupe IP moja ya kudumu na utoke kwenye CGNAT, utaishi vizuri. Unahitaji IP zako kama unauza intaneti kwa wengine, au una seva ambazo watu wa nje wanazitegemea, au una laini za watoa huduma wawili na unataka mmoja akianguka kazi iendelee bila mtu kugundua.

Hiyo ya laini mbili inahitaji na kitu kingine kinaitwa ASN, ni namba ya utambulisho ya netiweki yako kwenye BGP. BGP ndo njia ambayo ruta za netiweki mbalimbali zinaambiana "IP hizi ziko kwangu, ukitaka kuzifikia pitia hapa". Ukiwa na ASN yako na /24 yako unaitangaza kwa watoa huduma wote wawili kwa wakati mmoja, mmoja akizima dunia inakufuata kupitia yule mwingine ndani ya muda mfupi na IP hazibadiliki. Mei 2024 kebo za baharini EASSy na Seacom zilipokatika siku moja, Tanzania, Kenya na Uganda intaneti ikawa ya kubahatisha, na waliokuwa na njia mbili zinazopita kebo tofauti walipata nafuu kubwa kuliko waliokuwa na njia moja. Kwa iyo ukichagua watoa huduma wawili usiangalie bei tu, waulize kabisa trafiki yao inatoka kwa kebo gani, mana laini mbili zinazopita kebo moja ni sawa na laini moja unayoilipia mara mbili.

Na kwa nini nasema /24 na sio ndogo zaidi? Kwa sababu netiweki nyingi duniani zinakataa tangazo la IPv4 dogo kuliko /24, na kwa IPv6 dogo kuliko /48. Mtu akikuuzia /26, yaani IP 64, akakwambia utaitangaza mwenyewe, muulize ataitangazia wapi.

Kuandaa ombi

AFRINIC ina makundi mawili yanayokuhusu. LIR ni yule anayegawa IP kwa wateja wake, yaani ISP. Wa pili ni mtumiaji wa mwisho, yaani chuo, benki, hospitali, kampuni inayozitumia yenyewe kwenye netiweki yake. Chagua sahihi toka mwanzo mana ada zinatofautiana na masharti pia, na usijaribu kujiita mtumiaji wa mwisho wakati unauza intaneti mtaani, wataomba leseni na wataona.

Weka tayari cheti cha usajili wa kampuni au sheria iliyoanzisha taasisi, leseni ya mamlaka ya mawasiliano kama wewe ni ISP (kwa Tanzania TCRA, Kenya ni CA), kitambulisho cha mtu atakayesimama kama mhusika mkuu, invoisi za vifaa vya netiweki au picha halisi ya vilivyopo, na mikataba au barua za watoa huduma utakaounganishwa nao pamoja na ASN zao. Majina kwenye nyaraka zote yafanane herufi kwa herufi, kama BRELA (wasajili wa kampuni Tanzania) umesajiliwa na neno "Limited" na kwenye fomu umeandika "Ltd", andika kama cheti kinavyosema, utapunguza barua za kwenda na kurudi.

Kitu kinachokwamisha maombi mengi ni mpango wa netiweki. Watu wanaandika "tunahitaji IP 256 kwa ajili ya kukuza biashara", alafu wanashangaa wanaulizwa maswali mwezi mzima. Mtu wa AFRINIC anayesoma ombi lako hajawahi kufika ofisini kwako, anachotaka ni aone kila kipande cha bloku kinaenda wapi na kinahitajika lini. Mfano wa ISP ndogo ungeandikwa hivi: /26 kwa wateja wa biashara wenye IP za kudumu, waliopo sasa ni 41 na mikataba imeambatanishwa, /26 nyingine kwa CGNAT ya wateja wa majumbani, wako 1,800 kwenye minara minne, /27 kwa seva za DNS, barua pepe na ufuatiliaji, /28 kwa viungo vya ruta na minara, kinachobaki ni ukuaji wa mnara wa tano ambao vifaa vyake invoisi hii hapa. Ukiandika hivyo anayesoma anaweza kujumlisha mwenyewe, na mchoro wa netiweki wa ukurasa mmoja wenye majina ya maeneo ya kweli unamaliza maswali mengi. Usidanganye idadi. Ukirudi baadae kuomba IPv4 nyingine watataka kuona umetumia walau 90% ya ulizonazo, na uongo wa mwanzo ndo utakufunga hapo.

Omba vyote kwa pamoja, IPv4, IPv6 na ASN. Kwenye fomu pale pa mawasiliano usiweke Gmail ya kijana wa IT. Weka anwani ya kazi kama noc au admin kwenye domeini yenu, inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja, na domeini yenyewe ilipiwe kwa wakati. Kijana ataondoka, wote wanaondoka, na siku hiyo taasisi inabaki haina njia ya kuingia kwenye akaunti inayoshika IP zake. Narudi kwenye hili chini kidogo kwa sababu kuna watu limewagharimu mabloku mazima.

Ombi likikubaliwa unapewa mkataba wa huduma ya usajili usaini na invoisi ulipe, vikikamilika ndo IP zinaandikwa jina lako. Usome ule mkataba. Unasema wazi kwamba unapewa haki ya kutumia kwa shughuli ulizoeleza, na ada ni ya kila mwaka. Iingize kwenye bajeti kama kodi ya jengo, mana kutolipa kunaweza kukufikisha kwenye kupoteza IP. Kiasi cha ada angalia kwenye tovuti yao siku unayoomba, kinategemea kundi lako na ukubwa wa ulichopewa.

Na wale wanaokutumia meseji wakikuuzia au kukukodishia bloku kwa bei ya haraka, kabla hujatoa hela angalia WHOIS jina la nani lipo, angalia kwenye tovuti ya bgp.tools nani anaitangaza sasa hivi na nani aliitangaza zamani, na uangalie kama imo kwenye orodha za spamu. Bloku iliyochafuka inaweza kukufanya barua pepe zako zisifike kwa muda mrefu sana. Na uhamisho wowote ambao haujapitia AFRINIC wenyewe haukupi chochote, jina kwenye rejista linabaki la yule yule.

Ukishazipata, fanya haya kabla ya kuzitangaza

Ingia MyAFRINIC, yaani akaunti yako ya uanachama mtandaoni, hakikisha majina ya wahusika yako sawa, weka na anwani ya kupokea malalamiko ya matumizi mabaya. Kisha nenda kwenye RPKI, mfumo wa kuthibitisha nani anaruhusiwa kutangaza IP, utengeneze ROA. ROA ni tamko lenye saini ya kidijitali linalosema ASN fulani ndo yenye ruhusa ya kutangaza bloku fulani. Kabla sijakwambia unajazaje acha nikwambie kwa nini nasisitiza.

Tarehe 24 Februari 2008 serikali ya Pakistan ilitaka YouTube ifungwe ndani ya nchi yao. Pakistan Telecom wakatangaza kwenye BGP kwamba 208.65.153.0/24 iko kwao, lengo lilikuwa trafiki ya ndani ipotelee pale. Tangazo likavuja kwa mtoa huduma wao wa nje, yeye akalipitisha dunia nzima. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza 208.65.152.0/22, na ruta siku zote inachagua tangazo lililo dogo na mahususi zaidi, kwa iyo /24 ya Pakistan ikashinda /22 ya mwenye mali, na YouTube ikapotea kwa watu wengi duniani kwa karibu masaa mawili. Haikuwa hata wizi, lilikuwa kosa. Kama lilimpata YouTube, wewe mwenye /24 moja Morogoro au Kisumu utajitetea na nini? Ndo ROA inapoingia. Netiweki nyingi kubwa sasa zinaangalia ROA na tangazo lisilolingana linatupwa.

Kwenye ROA kuna vitu vitatu vya kujaza. Namba ya ASN, bloku, na urefu wa juu unaoruhusiwa. Tuseme ASN yako ni 64500 na bloku yako ni 203.0.113.0/24 (hizi zimetengwa kwa ajili ya mifano tu, usije ukazitangaza). Utajaza 64500, 203.0.113.0/24, na urefu wa juu 24. Hapo pa urefu ndo watu wanakosea, na kosa linaenda pande zote mbili. Ukiwa na /22 ukaandika urefu wa juu 22, alafu siku moja ukaamua kuigawa na kutangaza /24 ya tawi, hiyo /24 inaonekana batili na unapotea mwenyewe kwenye intaneti bila mtu kukushambulia. Ukiandika 24 wakati unatangaza /22 tu, umemwachia mtu mwenye nia mbaya mlango wa kutangaza vile vipande vidogo kwa kuigiza ASN yako. Cha kufanya, tengeneza ROA kwa kila tangazo unalofanya kweli, kwa urefu ule ule, na siku ukibadilisha matangazo anza na ROA, subiri ienee, ndo uguse ruta.

Tengeneza pia route object, yaani rekodi ya ASN ipi inatangaza bloku ipi, kwenye rejista ya AFRINIC, kwa sababu watoa huduma wengi wanajenga filta zao kutoka huko, bila hiyo utawapigia simu wiki nzima wakikwambia wanaona kila kitu kiko sawa upande wao. Weka reverse DNS, yaani jina linalotoka mtu akiuliza IP yako, mana seva ya barua pepe isiyo nayo barua zake zinaishia kwenye spamu. Baada ya hapo waandikie watoa huduma wako wawili barua ya kuruhusu wakutangaze, washa BGP, subiri kidogo, alafu angalia kutoka nje kwenye RIPEstat au bgp.tools. Unataka uone bloku yako, ASN yako, watoa huduma wote wawili, na hali ya RPKI imeandikwa Valid. Ikisema Invalid zima tangazo urudi kwenye ROA. Kisha zima laini ya kwanza kwa makusudi uone kama ya pili inabeba, fanya usiku wateja wakiwa wamelala.

Ukiwa na ASN mlango mwingine umefunguka, unaweza kuunganisha kwenye vituo vya kubadilishana trafiki, TIX pale Dar, AIXP Arusha, KIXP Nairobi, UIXP Kampala, RINEX Kigali. Hapo trafiki ya mteja wako kwenda kwenye benki ya mji huo huo haizunguki Ulaya tena, na hiyo ni hela yako ya bandwidth inabaki mfukoni.

IPv6 usiiache kwenye droo

Karibu kila mtu anaomba IPv6 kwa sababu inakuja pamoja, alafu anaisahau. ISP anapewa angalau /32, na /32 moja inatoa vipande 65,536 vya ukubwa wa /48, kila mteja wa biashara unampa /48 yake na bado hutaimaliza. Weka ROA yake pia, washa kwanza ofisini kwako na kwenye DNS, kisha kwa wateja wachache wenye ruta mpya. Simu za kisasa zinaichagua zenyewe, na kila trafiki inayoenda kwa IPv6 inapunguza mzigo kwenye ile CGNAT ya mfano wetu yenye IP 64. Ndo dawa ya kudumu, mana akiba ya IPv4 iliyobaki ni ndogo, ukitaka nyingi zaidi ni kununua tu.

Sasa hapa kwenye kura

2019 ikagundulika kwamba IP nyingi zilibadilishwa jina kinyemela kwenye kumbukumbu za AFRINIC, mfanyakazi mmoja wa AFRINIC akatuhumiwa na akaondoka kazini, na ripoti ya AFRINIC yenyewe ya 2021 ilitaja zaidi ya milioni nne. Nyingine zilikuwa za kampuni na taasisi za zamani ambazo hakuna aliyekuwa anaangalia tena jina lake WHOIS, domeini imekufa, mhusika kaondoka. Ndo mana nimekupigia kelele kuhusu ile anwani ya mawasiliano.

AFRINIC ilipoanza kukagua nani anatumia IP kwa kazi aliyoombea, ikagombana na kampuni moja iliyosajiliwa Seychelles yenye IP zaidi ya milioni sita. AFRINIC inasema matumizi hayaendani na mkataba, kampuni inakataa, wakaenda mahakamani Mauritius. Julai 2021 akaunti za benki za AFRINIC zikafungiwa kwa amri ya mahakama. Kesi zikawa nyingi, 2022 bodi ikakosa akidi, ikabaki haina bodi halali wala mtendaji mkuu, na Septemba 2023 mahakama ikateua mpokezi wa kusimamia taasisi. Uchaguzi wa Juni 2025 ulisimamishwa na kufutwa baada ya mgogoro kuhusu hati ya uwakilishi iliyotumika kupiga kura kwa niaba ya mwanachama. ICANN ikaandika barua za kutaka maelezo. Septemba 2025 ukafanyika uchaguzi mwingine kwa mtandao na bodi ikapatikana. Hebu fikiria miaka yote hiyo, rejista ya bara zima, na mwanachama wa kawaida wa Dodoma au Mombasa hajui hata kama ana kura.

Unayo. Mwanachama mwenye rasilimali anapiga kura kuchagua wakurugenzi, na kuna kiti cha kanda ya Afrika Mashariki kabisa. Kwa iyo fanya hivi: andika kwenye kumbukumbu za kampuni, kwa barua ya uongozi, nani anaruhusiwa kupiga kura kwa niaba yenu. Hakikisha jina hilo ndo lililopo MyAFRINIC na imeili yake inafanya kazi, mana kiungo cha kura kinatumwa huko. Ada iwe imelipwa kabla ya uchaguzi, mwenye deni anaweza kuachwa nje. Na mtu yeyote akija kukuomba umsainie hati ya uwakilishi ili "akusaidie kupiga kura", usisaini kama humjui anamwakilisha nani. Wagombea waulize kwa maandishi wanataka nini kuhusu IPv4 iliyobaki na kuhusu kuhamisha IP nje ya Afrika, majibu yao yasome kabla ya siku ya kura.

Sera ni mlango tofauti na hauhitaji hata uwe mwanachama. Mtu yeyote anaweza kuleta pendekezo la kubadilisha sera za ugawaji, na mtu yeyote anaweza kulichangia kwa barua pepe au kwenye mikutano ya AFRINIC ambayo unaweza kuifuata ukiwa nyumbani. Hawahesabu kura huko, wanatafuta makubaliano ya jumla, kwa iyo hoja moja yenye sababu ina uzito kuliko watu hamsini wanaoandika "naunga mkono". Ukitaka kuchangia, soma pendekezo lenyewe, taja kifungu, eleza kitafanya nini kwa netiweki kama yako kwa mfano wa kweli, kwamba ukipewa /24 tu kwa mwaka minara minne itahudumiwaje, alafu pendekeza maneno mbadala. Pendekezo likipita kwenye mkutano linawekwa kwenye kipindi cha maoni ya mwisho cha wiki zisizopungua mbili kabla ya kwenda kwa bodi, na ndani ya wiki hizo bado unaweza kuandika pingamizi lako na wenyeviti wa mchakato wanatakiwa walipime kabla ya kuamua.